Lililosemwa na Lisilosemwa katika Mitihani ya Kiingereza

Vitabu vinavyomfundisha mwanafunzi namna ya kujibu maswali ya ufahamu katika mitihani ya Kiingereza ni vingi, na kila mwaka huzaliwa vingine. Ukivisoma vitatu au vinne kwa pamoja utaona kuwa vimerithiana mashauri. Husema: soma maswali kabla ya kifungu, katika kila swali shika neno kubwa, lifuate neno hilo kifunguni kama mwindaji afuatavyo nyayo, utakapolikuta, jibu li papo hapo. Mashauri haya hutolewa kwa sauti ya uhakika, na mwanafunzi mwenye hofu huyapokea kama dawa. Nakuomba, msomaji, usiyameze kabla ya kuyatafuna. Baadhi yake ni mema. Lakini lile lipendwalo kuliko yote, la kuwinda neno, ndilo ninalolishtaki katika makala haya, kwa sababu huwanyang'anya watahiniwa majibu ambayo walikuwa na akili ya kutosha kuyapata.

Jambo lenyewe si dogo. Chukua mtihani uitwao IELTS, ulioanza mwaka 1989, mwaka uleule ambao vijana wa Kenya walifanya mtihani wa KCSE kwa mara ya kwanza. Sehemu yake ya kusoma, kwa wale watakao kuingia vyuo vikuu, ina vifungu vitatu virefu ambavyo kwa jumla vina maneno kati ya 2,150 na 2,750. Maswali ni 40 na muda ni dakika 60. Mtihani huu hauna kufaulu wala kushindwa. Hutoa daraja tu, na la juu kabisa ni 9. Anayesema kuwa umeshindwa ni yule uliyempelekea matokeo: chuo, serikali, au baraza la kazi yako. Kwa wastani majibu 30 yaliyo sawa hutoa daraja la 7, na majibu 23 hutoa daraja la 6. Basi maswali saba yaweza kumtenga mtu na safari aliyoiuzia ng'ombe. Baraza la wauguzi la Uingereza hutaka daraja la 7 katika kusoma, na aliyepata 6.5 aweza kulazimika kurudi akalipe ada upya.

Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mapatano ya kuwaajiri wauguzi wa Kenya katika hospitali za Uingereza. Mwaka huohuo Waziri wa Afya wa wakati ule, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliotahiniwa Kiingereza kwa ajili ya kazi hiyo, ni 10 tu waliofaulu. Iweke habari hiyo akilini, maana tutaihitaji.

Mitihani ya lugha haikuwa na sura hii tangu mwanzo. Mwaka 1913 Chuo Kikuu cha Cambridge kilipofungua mtihani wake wa umahiri wa Kiingereza kwa wageni, watahiniwa walikuwa watatu tu, kazi yao ilichukua saa 12 hivi, na hakuna hata mmoja aliyefaulu. Waliandika insha na walifasiri. Fasiri ni kazi isiyo na kichaka cha kujificha: kama hukuelewa sentensi, ujinga wako huonekana mara moja. Maswali ya kuchagua jibu moja kati ya kadha yalikuja kwa njia nyingine. Huko Marekani, Frederick Kelly wa Kansas alitunga, karibu na mwaka 1915, mtihani wa kusoma kimya ambao kila swali lake lilikuwa na jibu moja tu lililokubaliwa, ili usahihishaji uwe mwepesi na walimu wasitofautiane katika kutoa alama. Faida yake haikanushiki. Mwalimu mwenye chuki hakuweza tena kumpunja mwanafunzi, wala mwenye huruma hakuweza kumwongeza. Lakini tangu siku ile mwanafunzi aliona mwanya, yaani jibu limekwisha andikwa mahali fulani kwenye karatasi, na huenda akalipata bila ya kuelewa. Vitabu vya mbinu vyote vimejengwa juu ya mwanya huo.

Mwaka 1917 mtaalamu mwingine wa Marekani, Edward Thorndike, alichapisha uchunguzi wa makosa ambayo watoto wa shule hufanya wanapojibu maswali juu ya aya fupi. Aliona kuwa makosa mengi hutoka katika kulipa neno moja uzito kupita kiasi na jingine uzito mdogo kupita kiasi. Neno moja lenye kung'aa humvuta msomaji, likayafunika maneno yaliyo jirani yake, naye akajibu kwa mujibu wa neno hilo badala ya sentensi. Thorndike alikufananisha kusoma aya na kufanya hesabu, ambamo kila tarakimu lazima iwe mahali pake na ihusiane ipasavyo na nyingine. Uchunguzi huo umepita miaka mia na zaidi. Laiti watungaji wa vitabu vya mbinu wangeusoma, maana wao humfundisha mwanafunzi kwa makusudi kosa lilelile ambalo Thorndike aliliona likifanyika kwa bahati mbaya.

Tujaribu kwa kifungu kidogo nilichokitunga kwa ajili yako. Nimekiandika kwa Kiswahili ili usije ukadhani kuwa taabu yote iko katika ugeni wa lugha:

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Ilifika mahali palipo na Nairobi ya leo mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Wafanyakazi wengi waliletwa kutoka India kwa mkataba. Kazi ilipokwisha, wengi wao walirudi kwao, ingawa baadhi walibaki wakafungua maduka katika vituo vilivyokuwa vikichipuka njiani.

Sasa pima kauli nne. Kwa kila moja useme kama ni kweli kwa mujibu wa kifungu, au si kweli, au haikutajwa. Ndivyo IELTS iulizavyo. Kauli ya kwanza: wengi wa wafanyakazi walibaki wakafungua maduka. Ya pili: baadhi ya wajenzi wa reli waliingia katika biashara. Ya tatu: reli ilifika ziwani kabla ya mwaka 1900. Ya nne: simba waliwaua wafanyakazi wa reli huko Tsavo.

Mwindaji wa maneno atafurahi sana kwa kauli ya kwanza. Ataliona neno "wengi" kifunguni, ataliona "walibaki", ataliona "maduka", naye ataandika kweli pasipo kusita. Lakini kifungu chasema kuwa wengi walirudi na baadhi ndio waliobaki. Maneno yote yapo, mahusiano yamegeuzwa. Hii ndiyo kazi ya mtahini, naye huifanya kwa ustadi. Anajua kuwa unawinda, kwa hiyo hutega palepale unapopita. Jibu lenye maneno mengi yaliyonakiliwa kutoka kifunguni ndilo linalostahili kutazamwa kwa jicho la shaka kuliko yote.

Kauli ya pili ni kinyume chake. Neno "biashara" halimo kifunguni, wala "wajenzi" halimo. Mwindaji atatoka mikono mitupu, aandike kuwa haikutajwa. Lakini aliyefungua duka ameingia katika biashara, na aliyefanya kazi ya kujenga reli ni mjenzi wa reli. Kauli ni kweli. Maana imevaa nguo nyingine tu. Kauli ya tatu si kweli, na hapa mbinu ya kutafuta tarakimu inafaa kabisa: macho yapite upesi mpaka 1901, basi. Sikatai kuwinda panapowindwa tarehe, jina la mtu au la mahali. Vitu hivyo havibadili nguo.

Kauli ya nne ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Kila mtoto wa Kenya amesikia habari ya simba wa Tsavo. Ni kweli tupu kwamba mwaka 1898 simba wawili waliwaua wafanyakazi wa reli, na kazi ya daraja ikasimama. Lakini kifungu changu hakikusema neno juu ya simba, wala juu ya Tsavo. Jibu sahihi ni kuwa haikutajwa. Mwanafunzi mwenye elimu nyingi huanguka hapa wakati mwanafunzi asiyejua chochote anapita salama. Mwanafunzi huyo hulalamika, "Lakini ni kweli!" Naam, ni kweli. Ila hukuulizwa kilichotokea duniani. Umeulizwa kilichosemwa na mwandishi huyu katika mistari hii. Hayo ni mambo mawili, na kuyatenga ndiyo nusu ya elimu ya kusoma.

Kwa sababu hiyo vitabu vya mbinu humwambia mtahiniwa asahau yote ayajuayo kabla ya kufungua karatasi. Shauri hili nalo naliona limepinda. Hakuna asomaye kwa kichwa kitupu. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie, waliwasomesha watoto habari ya mchezo wa besiboli. Watoto waliokuwa wakisoma kwa udhaifu lakini wakiujua mchezo walielewa habari ile vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Maarifa, basi, ni taa ya kusomea. Anayejua kuwa reli ilipita nyika kavu ataelewa upesi kwa nini vituo vilikuwa vikichipuka njiani. Linalokatazwa ni kuifanya taa iwe shahidi. Mfano wake ni hakimu: huingia mahakamani na akili yake yote na uzoefu wake wote, navyo humsaidia kuelewa ushahidi, lakini hawezi kuandika katika hukumu jambo ambalo hakuna shahidi aliyelisema, hata kama amelisikia sokoni.

Turudi sasa kwenye ile habari ya wauguzi. Ilipotangazwa, wengine walihitimisha kuwa wauguzi wetu hawajui Kiingereza. Wengine walihitimisha kuwa mtihani ule umetungwa ili kuwazuia Waafrika. Isome kauli ya waziri kama ilivyoelezwa hapo juu: wauguzi 300, mtihani wa Kiingereza, waliofaulu 10. Je, hitimisho la kwanza limo? Halimo. Kauli haisemi kuwa watu wale hawajui Kiingereza. Yasema kuwa hawakufikia kiwango fulani katika mtihani fulani. Mtu aliyesoma uuguzi kwa Kiingereza kwa miaka mitatu, akaandika taarifa za wagonjwa kwa Kiingereza kila zamu, aweza kukosa kiwango kwa sababu ya maswali machache. Na hitimisho la pili limo? Nalo halimo. Yote mawili ni simba wa Tsavo walioingizwa kifunguni na msomaji mwenyewe, na tofauti yao na wale wa mwaka 1898 ni kwamba hawa hatuna hakika kama walipata kuwako. Ona, basi, kuwa swali hili la mtihani si mchezo wa watahini tu. Heshima ya watu 290 ilichezewa na wasomaji wasiotenga lililosemwa na lisilosemwa.

Nimesema maneno makubwa hudanganya. Niseme sasa juu ya maneno madogo, maana hayo ndiyo yabebayo uzito na hakuna ayawindaye. "Baadhi", "wote", "aghalabu", "huenda", "isipokuwa", "ingawa": katika Kiingereza maneno ya namna hii ni mafupi mno, na jicho la haraka huyaruka kama mawe ya mtoni. Mtahini hulibadili moja tu na kauli yote ikageuka. Kifungu chasema dawa huenda ikapunguza homa. Swali lasema dawa hupunguza homa. Hapo si kweli kwamba ni mamoja. Na sisi tusemao Kiswahili tuna mtego wetu maalumu. Kwa Kiingereza "a few" na "few" hutofautiana kwa silabi moja, nasi huyafasiri yote mawili kwa "wachache". Lakini la kwanza lasema kuwa wapo, na la pili lanung'unika kuwa karibu hawapo. Aliyesoma kuwa wakulima "few" waliipokea mbegu mpya ameambiwa kwamba mbegu ilikataliwa.

Mtego mwingine ni wa viwakilishi. Kiswahili kimetulea kwa upole katika jambo hili. Tunaposema, "Mti uliliangukia gari, nalo likaharibika," silabi ile "li" yatuambia kuwa lililoharibika ni gari. Tungesema "nao ukaharibika", ungekuwa mti. Ngeli zetu hushika mkono msomaji na kumwonyesha. Kiingereza kina neno "it" kwa mti na kwa gari, kwa nyumba na kwa serikali, kwa wazo na kwa mvua. Halimshiki mtu mkono. Kwa miaka mingi mtihani wa TOEFL, ulioanza kufanywa mwaka 1964, umewauliza watahiniwa swali la namna hiyo waziwazi: neno hili katika aya hii larejea kitu gani? Hata pale lisipoulizwa, limejificha ndani ya maswali mengine. Ukisoma Kiingereza, kila ufikapo kwenye "it", "they" au "this", jiulize: kwa Kiswahili ningeweka ngeli gani hapa? Kama huwezi kujibu, hujaielewa sentensi, nawe rudi nyuma mstari mmoja au miwili. Sijaona kitabu cha mbinu kinachotoa shauri hili, labda kwa sababu hutungwa na watu wasio na ngeli.

Juu ya kusoma maswali kwanza sina ugomvi mkubwa. Katika mtihani wa dakika 60 kwa vifungu vitatu, kutupia maswali jicho kabla ya kusoma hukuonyesha njia. Ubaya ni kuyasoma maswali na kisha kutokisoma kifungu. Shauri la kusoma sentensi ya kwanza na ya mwisho ya kila aya ni dhaifu zaidi, kwa maana waandishi wengi huanza aya kwa maoni wanayotaka kuyapinga. Anayeishia sentensi ya kwanza humsingizia mwandishi imani ya adui yake. Soma kifungu chote mara moja kwa mwendo wa wastani, ujue kila aya inafanya kazi gani. Ndipo urudi kwa kila swali mahali pake. Usiache pengo, kwani katika IELTS jibu baya halikuondolei alama. Nalo agizo la idadi ya maneno ulitii: ukiambiwa yasizidi mawili ukaandika matatu, alama imekwenda, hata kama maana ni sahihi.

Haki yataka niulaumu na mtihani wenyewe. Mpaka kati ya "si kweli" na "haikutajwa" mara nyingine ni mwembamba kiasi ambacho wasomaji wazuri wawili waweza kugombana. Tena mtihani humzoeza mtu kumtii mwandishi tu. Haumuulizi kamwe kama mwandishi amesema kweli, au kwa nini amenyamaza pale aliponyamaza. Kifungu changu cha reli kilinyamaza juu ya wafanyakazi 2,500 hivi waliokufa katika ujenzi ule. Mtihani utaridhika ukisema kuwa haikutajwa. Msomaji kamili huenda mbele akauliza kwa nini. Kwa upande huu karatasi ya pili ya Kiingereza katika KCSE ina ubora wake, kwa kuwa alama zake 20 za ufahamu hudai sentensi za mwanafunzi mwenyewe, na hapo maneno ya kunakili hayamfikishi mbali.

Tena kuna jambo ambalo mbinu hazilifikii. Mtafiti wa New Zealand, Paul Nation, alikadiria mwaka 2006 kuwa msomaji huhitaji familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000 ili asome maandishi ya kawaida ya Kiingereza bila ya msaada. Hazina hiyo haipatikani katika juma la mwisho kabla ya mtihani, wala katika kitabu cha mazoezi peke yake. Hupatikana kwa riwaya, kwa magazeti, kwa vitabu vya sayansi na historia vilivyosomwa kwa miaka.

Kama unataka zoezi, nitakupa moja lisilo na gharama. Twaa habari yoyote ya gazeti la Kiingereza yenye aya tano au sita. Isome, kisha utunge kauli tatu juu yake: moja ya kweli, moja isiyo kweli, na moja ambayo habari haikuitaja. Ile ya kweli usitumie ndani yake neno hata moja kubwa la gazeti. Ile isiyo kweli ijaze maneno ya gazeti tele. Ile isiyotajwa iwe jambo ambalo wewe na mwenzako mnalijua kwa hakika. Mpe mwenzako azijibu, naye akupe zake. Mkibishana, asiseme "mimi naona". Aweke kidole juu ya mstari.